Mistari Niliyoiruka

Niliolewa siku ya Ijumaa na mtu ambaye hakuwapo. Yeye yuko Amerika, mimi niko chumbani kwa shangazi yangu nimefunikwa leso, na pale msikitini Kikoneni ami yake, Mzee Fondo, amekaa mbele ya shehe akijibu kwa niaba yake. Sheria yetu inaruhusu, mradi bwana harusi aandike kwamba amemweka fulani kuwa wakili wake. Chirau aliandika, barua ikavuka bahari, ikasomwa mbele ya wazee, nami nikawa mke. Ulikuwa mwaka wa sitini na mbili, nami nina miaka kumi na saba. Wajukuu zangu hunicheka, wanasema, "Bibi, wewe uliolewa na karatasi." Siwakatalii. Karatasi yenyewe ilikuwa nzuri, ya buluu, nyembamba kama ganda la kitunguu.

Haraka ilikuwa ya mamake, Bi Kache. Alikuwa Mduruma wa kuzaliwa, ameolewa kwetu Digoni akasilimu, kisha akafiwa na mume, na Chirau ndiye mwana pekee aliyembakia. Alikuwa amesikia kwamba vijana wanaopelekwa Amerika kusoma hurudi na wake weupe wasiojua kutwanga kisamvu. Akaona amfunge mwanawe mguu mapema. Na katika wasichana wote wa Kikoneni akanichagua mimi, Mejumaa binti Rai, wala si kwa sura. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne. Alimwambia baba wazi kwamba anataka mtu wa kumsomea barua ndani ya nyumba yake, mambo ya mwanawe yasipite kwanza kinywani mwa watu wengine. Baba akauliza, huyo kijana atakaa huko muda gani? Akaambiwa, anasoma udaktari, miaka minne. Baba akasema minne si mingi.

Mume wangu alikaa ng'ambo miaka kumi na mmoja.

Kabla hajasafiri nilikuwa nimemwona mara mbili. Mara ya kwanza alipita mbio mbele ya nyumba yetu, kitabu kwapani. Mara ya pili alisimama akaniuliza njia ya kwa Mzee Fondo, na Mzee Fondo ni ami yake, njia anaijua tangu hajaota meno. Nilimwelekeza. Hayo ndiyo yote niliyokuwa nayo nilipohamia nyumbani kwa mamake na sanduku langu la bati.

Barua zilikuja kwa sanduku la posta la shule. Mwalimu Masila, Mkamba aliyekuja na watu wa mashamba mapya kule Shimba Hills, ndiye aliyezileta kwa baiskeli. Alikuwa akisimama uani, anapiga kengele mara mbili, na majirani wakaisikia kengele ile kabla yetu. Nikitoka nje nakuta wameshafika, mmoja na ungo wa korosho wake, mwingine na mtoto mgongoni, wanaketi. Bi Kache ananyoosha miguu, anasema, "Haya, mkaza mwanangu, mfungue mdomo huyo mgeni."

Maana alikuwa mtu wa vitendawili. Kazi yote tuliyofanya pamoja, kuokota korosho, kumenya mihogo, kuchota maji, ilikwenda na vitendawili. Mgeni asiye na miguu amevuka bahari, ndiyo barua. Macho yake yalikuwa tayari yameingia ukungu nilipofika. Aliniambia ananiona kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi. Lakini masikio, nikikosea kumimina maji alijua ni mtungi gani.

Sasa niseme kosa langu.

Barua ya kwanza niliyosoma baada ya kuolewa ilikuwa ndefu. Chirau alisalimu watu kwa majina, akasifu maapulo, akasema baridi ya huko huuma masikio. Kisha akaandika hivi, nakumbuka kila neno: "Mama, nilikosea nilipowaambia miaka minne. Huku mtu haingii udaktari moja kwa moja. Kwanza anasoma digrii ya kwanza miaka minne, elimu ya wanyama na mimea na kemia. Akishaipata ndipo anaomba nafasi katika shule ya udaktari, na wengi hukataliwa. Akikubaliwa ni miaka mingine minne, na zaidi, ya kujifunza hospitalini."

Uani walikuwa wamejaa. Bi Kache alikuwa ametoka tu kuwaambia, huku anayafuta macho kwa ncha ya leso, kwamba hana haja ya hospitali wala ya mganga, macho yake yanamngoja mwanawe. Kwetu mtu akijifunza kazi, kazi yake ya kwanza haiuzwi. Mkeka wa kwanza ni wa mama. Chungu cha kwanza, hata kikitoka kimepinda, ni cha mama. Bi Kache aliona hata daktari ni vivyo hivyo. Mgonjwa wa kwanza wa Chirau atakuwa yeye, na akimpa mtu mwingine macho yale, basi amemnyang'anya mwanawe kazi ya kwanza na kumtia nuksi. Wanawake wakaitikia kwamba ndivyo.

Nami nimeshika ile karatasi. Jicho langu limeshafika kwenye ule mstari na mdomo bado uko nyuma. Nikaruka. Nikatoka kwenye baridi inayouma masikio nikatua kwenye "wasalimu wote wanaoniulizia."

Wajukuu huniuliza kwa nini. Nikiwajibu kwamba nilimwonea huruma mavyaa wangu nakuwa nimesema nusu. Nilijua baba akisikia miaka minane na zaidi atakuja kunichukua. Na kubwa kuliko hilo, sikutaka kuisikia hesabu ile kwa sauti yangu mwenyewe. Nilidhani nisipoitamka itabaki kwenye karatasi.

Kuruka mara ya kwanza ni kugumu. Baada ya hapo miguu inajua njia. Chirau akaandika kwamba anaosha vyombo katika mkahawa ili apate chakula, nikaruka. Akaandika kwamba siku ya Idi aliswali peke yake chumbani juu ya taulo, halafu akakaa kitandani mpaka jua likatua kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpa mkono, nikaruka. Mamake nilimpa maapulo na theluji na majumba marefu. Alicheka sana, jioni anarudia yote kwa jirani, na kila akirudia majumba yanaongezeka ghorofa moja.

Majibu niliandika mimi, Bi Kache akinitamkia. Karatasi ile ya buluu ni moja tu, inajikunja ikawa bahasha yake, haina nafasi ya kupoteza. Salamu za ami, za shangazi, za ng'ombe aliyezaa. Mpaka tunafika chini pamebaki upana wa kidole, na hapo ndipo naandika, "Nami mkeo Mejumaa sijambo." Miaka mitatu niliandika hivyo hivyo. Nilikuwa na mengi, lakini ya kuandika mbele ya mavyaa hayakuwamo, na pengine nafasi yenyewe haikutosha hata salamu ya pili.

Uhuru ukaja. Watu wakasema wazungu wanaondoka, sasa tutatibiwa na wana wetu. Wakaanza kuniita Mama Daktari. Nikienda kisimani mtu ananionyesha kidonda cha mguu, mwingine ananieleza kikohozi cha mumewe, kana kwamba naweza kuyakunja yote nikayatia kwenye barua. Nilikuwa nikisema, "Inshallah akija." Mke wa mtu niliyemsikia sauti mara moja tu, akiuliza njia anayoijua.

Siku moja, mwaka wa sitini na nne mwishoni, tunabangua korosho, Bi Kache akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu ina madirisha mawili. Moja limeshafungwa, la pili linafungwa, na simwoni afungaye."

Nilifikiri. Nikasema kobe, nikasema mlango wa boma. Akatikisa kichwa, akataka mji. Ukishindwa kitendawili unatoa mji, ndiyo ada yake. Nikampa Lungalunga, akasema Lungalunga kuna shamba gani. Nikampa Mackinnon Road, akasema huko kuna vumbi na treni zinapiga kelele, hataki. Mombasa akaikataa kwa ajili ya joto.

"Basi nakupa Amerika," nikasema, kwa mzaha.

Mkono wake ukasimama juu ya korosho. "Huo sichukui," akasema. "Huo mji una mwanangu. Nikiuchukua atakaa wapi?" Kisha akanipa jibu bila mji wowote. Jicho la kushoto lilikuwa halioni tena, hata mwanga.

Nilimwomba twende hospitali Msambweni. Akaniuliza kwa upole kama nimechoka kumngoja mume wangu.

Mwezi wa Julai mwaka uliofuata, kengele ya baiskeli ikalia na barua ikawa nene. Ndani mlikuwa na picha. Chirau amevaa joho jeusi refu na kofia bapa yenye shada, ameshika karatasi iliyokunjwa, hacheki. Wanawake wakainyakua, wakapiga vigelegele, daktari, daktari, joho ndilo hilo. Mzee Fondo akaanza kupanga mbuzi yupi atachinjwa. Bi Kache aliikamata picha kwa vidole viwili, akaisogeza mpaka ikagusa pua yake, akainusa.

"Niambie alivyo," akasema.

Nikamwambia amenawiri. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo inaonekana juu ya joho.

Barua ilisema: "Nimemaliza digrii ya kwanza. Nimeomba shule saba za udaktari. Tano zimenikataa, mbili hazijajibu. Mejumaa, najua wewe ndiye usomaye. Usimwambie Mama mpaka nijue. Na wewe ukiona hesabu imekuwa ndefu kupita ulivyoahidiwa, niandikie kweli. Sitakulaumu."

Niliwasomea, "Nimemaliza digrii." Nikakunja.

Wiki ile jicho la kulia la Bi Kache likaanza kuuma. Maumivu yenyewe yalipanda mpaka utosini, akitapika, akishika kichwa kwa mikono miwili. Nikaenda kwa Mwalimu Masila, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mkewe Rispah, aliyekuwa nesi Msambweni na siku hiyo yuko likizo. Akaja, akamtazama mavyaa kwa tochi, akampigia goti na kumsalimu vizuri, kisha akanivuta nyuma ya jiko.

Rispah hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kinakwenda moja kwa moja. Alisema ni mtoto wa jicho, ameiva kupita kiasi, na sasa jicho linavimba ndani. La kushoto limekufa. La kulia bado linaona mwanga. Daktari wa macho anakuja kutoka Mombasa Alhamisi, na baada ya hapo haji tena mpaka miezi mitatu ipite. "Miezi mitatu hana," akasema. "Mume wako anarudi lini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali lile hali anangoja jibu la kweli. Nikamjibu. Akanitazama, akasema, "Na mamake anajua?"

Ilikuwa Jumatatu. Nilirudi nikakaa karibu na Bi Kache. Nilijua nikisema, nitarudishwa kwa baba na lile sanduku langu, na kijiji kizima kitajua msomaji wa barua alikuwa mwongo. Nisiposema, Alhamisi itapita.

Nikamwambia, "Mama, Chirau si daktari."

Alidhani amekufa. Niliona jinsi mwili wake ulivyotaka kuanguka, nikamshika haraka nikamwambia hapana, yu hai, ni mzima, anasoma. Kisha nikatoa yote. Kwamba joho lile ni la elimu ya kwanza, ya wanyama na mimea. Kwamba udaktari hajauanza, na huenda asikubaliwe. Kwamba akikubaliwa leo, hashiki jicho la mtu kabla ya miaka mitano au sita.

Akanigeuzia uso.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu barua ya kwanza, Mama."

"Na hizo zote ulizonisomea zilikuwa za nani?"

"Zake. Nilizipunguza tu."

"Miaka mitatu," akasema, "nimeishi na mwana uliyempunguza." Akauondoa mkono wangu begani mwake, taratibu, kama mtu anayeondoa jani.

Alikubali kwenda. Hakukubali niongoze. Alhamisi asubuhi alishika mkono wa Rispah mpaka kwenye basi na mimi nikafuata nyuma na kikapu, hatua kumi nyuma, kama mtu asiyehusika.

Walimpasua siku hiyo hiyo. Zamani zile ukipasuliwa jicho unalazwa chali, kichwa kimebanwa kwa vifuko viwili vya mchanga, macho yote yamefungwa, usigeuke, usikohoe, siku baada ya siku. Nilimlisha uji kwa kijiko. Alifungua mdomo, alimeza, hakuniambia neno. Alisema na nesi, alisema na wagonjwa, akawategea hata vitendawili, wodi nzima ikimtolea miji. Mimi nikijua jibu nilinyamaza, maana sikuwa nimealikwa. Mama mmoja wa Kibuyuni, kitanda cha pili, akamuuliza kama mimi ni bintiye.

"Huyo ni msomaji wangu," Bi Kache akasema.

Usiku nililala sakafuni chini ya kitanda chake. Nilimfikiria Chirau juu ya taulo lake siku ya Idi. Nikawaza, huyu bwana na mimi ni mume na mke kweli, maana tumepata kitu kimoja kinachofanana.

Siku ya kufunguliwa, daktari wa hospitali alisema jicho la kushoto lisitegemewe tena. Lingewahiwa mwaka mmoja au miwili mapema, lingeona. Alisema kwa Kiingereza, Rispah akatafsiri, na alipofika hapo akaniangalia mimi, si mgonjwa. Jicho lile ni langu. Nasema hivyo mpaka leo, hata nikiambiwa niache.

La kulia likaona. Alipewa miwani mizito kama vitako vya chupa. Tukarudi nyumbani, naye njia nzima anatazama nje, anataja vitu kwa jina kana kwamba anaviita warudi: mnazi, mbuzi, mtu wa baiskeli.

Kesho yake, baada ya chai, akasema neno la kwanza kwangu kwa siku kumi na tatu.

"Zilete."

Nikaleta kasha. Barua kumi na tisa.

"Anza. Na usiruke hata mkwaruzo."

Tulisoma siku mbili. Majirani waliposikia sauti wakaja na nyungo zao, Bi Kache akawaambia leo hapana, ni mambo ya nyumbani. Nikasoma vyombo vya mkahawa. Nikasoma taulo. Nikasoma kwamba alikaa miezi miwili hajasikia mtu akilitamka jina lake sawasawa, mpaka siku moja alipolitamka mwenyewe njiani, kwa sauti, ili alisikie. Bi Kache alilia kwa jicho moja, la pili limekauka. Hakunizuia. Kila nikisita alisema tu, "Endelea."

Katika barua ya saba nikakwama.

"Endelea."

Nikasoma. "Mejumaa, naomba picha yako. Naona haya kusema, lakini uso wako nimeanza kuusahau."

"Ulimpelekea?"

"Sina picha, Mama. Na ningekuombaje hela ya picha?"

Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Miaka yote ile alikuwa akinijua kwa sauti na kwa hatua, mtu wa nyuma ya moshi. Alinitazama muda mrefu, paji la uso, pua, mdomo, bila haraka, jinsi mtu anavyokagua kitambaa kabla hajanunua.

"Chukua kalamu," akasema. "Andika ninavyosema, usipunguze, usiongeze. Mkeo ni mweusi wa kung'aa. Ana mwanya. Sikio lake la kushoto lina kovu, sijui la nini, nitamuuliza. Amekonda, lakini si kwa njaa, nyumbani kwangu hakuna njaa. Alinidanganya miaka mitatu na bado yupo hapa. Babake nitamwendea mwenyewe nimwambie hesabu mpya, wewe na yeye mtaandikiana kama anakaa au hakai."

Hapo nikaiweka kalamu chini.

"Nini tena?"

"Ninakaa, Mama."

"Basi andika hivyo. Ni barua yako pia." Akangoja mpaka wino ukauke. Karatasi ilikuwa bado na nafasi chini, pana kama kiganja, na kwa mara ya kwanza hakuitaja ng'ombe wala shangazi.

"Mwisho andika," akasema. "Mwambie macho nimeshatibiwa na watu wengine, asiyahangaikie. Asome tu, polepole, hata ikiwa ni miaka sita. Kuna goti hili la kulia, linaniuma nikiinama. Hilo sitamwonyesha mtu. Hilo namwekea."